Buli: Chombo au Pambo?

Vyombo vya nyumbani huishi maisha ya namna mbili. Viko vinavyofanya kazi kila siku, vikapata masizi, makovu na nyufa. Na viko vinavyokaa mahali pa heshima vikitazamwa. Sufuria ni ya namna ya kwanza, na picha iliyotundikwa ukutani ni ya namna ya pili. Lakini kiko chombo kimoja kilichozaliwa kwa ajili ya kazi kikalelewa kwa ajili ya kutazamwa, na kwa sababu hiyo ni vigumu kukihukumu. Chombo hicho ni buli. Shabaha ya insha hii ni kuuliza ni lini buli la mapambo ni zuri kweli, na ni lini uzuri wake ni wa juujuu tu. Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini mtu asiyejua kuhukumu buli atapata taabu kuhukumu kiti, nyumba, hata shairi, maana kanuni za uzuri wa vitu hivyo ni za ukoo mmoja.

Msomaji, kabla ya hukumu yafaa tutenganishe majina. Birika ni chombo cha kuchemshia maji, ama cha kubebea chai nyingi wakati wa mkutano. Mdila ni chombo cha shaba cha kahawa, chenye mdomo mrefu uliopinda, na watu wa pwani wanaujua sana. Buli ni chombo kidogo cha mezani ambamo majani ya chai hutiwa, yakamiminiwa maji ya moto, yakaachwa mpaka yaive. Katika hayo matatu, buli ndilo lililopambwa kuliko mengine, na ndilo linalokusanywa na watu wengi duniani.

Hapa Mikinduri, katika nchi ya Tigania, kwenye miteremko ya vilima vya Nyambene, chai si kitu kigeni. Watoto wengi wa wakulima hujua kuchuma majani mawili na chipukizi kabla hawajajua kuandika barua. Kiwanda cha Michimikuru kimo katika vilima hivi hivi. Tangu mwaka 1964, ulipoundwa ule mamlaka wa kuendeleza chai ya wakulima wadogo, ambao mwaka 2000 uligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe, mashamba madogo ya nchi za juu yamelisha viwanda, na viwanda vimepeleka chai yao kwenye mnada wa Mombasa. Kwa hiyo kama iko nchi yenye haki ya kusema neno juu ya chombo cha chai, ni hii yetu.

Walakini tazama jinsi tunavyoipika chai hiyo. Maji na maziwa hutiwa katika sufuria, majani yakafuata, vyote vikachemka pamoja. Kisha chai huchujwa kwa chujio, ikatiwa katika chupa ya kuhifadhi moto. Katika safari hiyo yote, kutoka jikoni mpaka kikombeni, buli halina kituo. Wala si ajabu. Viwanda vyetu kwa kawaida huyakata, huyapasua na kuyasokota majani mpaka yakawa punje ndogo ndogo zinazotoa rangi upesi, nazo zafaa sana kwa kuchemshwa na maziwa. Buli lilibuniwa kwa majani yasiyosagwa, yanayofunguka polepole ndani ya maji. Ukitia punje zetu ndani ya buli la namna hiyo, huenda zikaziba vijitundu vilivyo kwenye shina la mdomo wake, ama zikapita zote zikaingia kikombeni.

Pamoja na hayo, ingia katika sebule za watu wenye nafasi kidogo, utaona kabati la vioo. Na ndani ya kabati, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, utaona buli la kauri lenye maua ya waridi na ukingo wa rangi ya dhahabu. Limezungukwa na vikombe vyake sita kama kuku na vifaranga. Aghalabu lilikuja kama zawadi ya arusi. Pengine halijapata kuonja chai hata siku moja. Mgeni akija, chai hutoka katika chupa, na buli hutazama.

Wako vijana wanaocheka desturi hii, wakasema ni kuiga Wazungu. Mimi sicheki, na sababu yangu nitaitoa pwani. Kukusanya vyombo visivyotumika si ulimbukeni wa juzi. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu, zilizojengwa hasa katika karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilichongwa safu kwa safu za vidaka, ambavyo wenyeji huviita zidaka, na humo vikawekwa vyombo vya kauri vilivyovuka bahari. Huko Mambrui liko kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina. Na James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, vipande vya kauri za China vilitoka ardhini vikashuhudia kwamba watu wa mji ule walivithamini vyombo hivyo karne nyingi kabla ya kabati la vioo kufika Meru.

Lakini ziangalie tofauti. Mwenye nyumba wa Lamu alinunua sahani ya mbali, ila mahali pa kuiweka palifikiriwa na fundi wa Lamu: kipimo cha kidaka, nakshi ya chokaa inayokizunguka, mpango wa safu kutoka chini hadi juu. Sahani ilikuwa ya kigeni, lakini ukuta ulikuwa wa wenyeji, na uzuri ulitokea pale wawili hao walipokutana. Kabati letu, kinyume chake, mara nyingi ni geni, na buli ni geni, na hata mpango wake umetolewa katika picha ya duka. Lawama yangu basi si kwamba tumekusanya. Ni kwamba tumekusanya pasipo kutia fikira yetu ndani ya mkusanyo.

Sasa na tulifuate buli lenyewe lilikotoka. Huko Yixing, katika jimbo la Jiangsu nchini China, mafundi wamekuwa wakitengeneza mabuli ya udongo tangu siku za wafalme wa Ming. Udongo wao ni wa rangi ya zambarau, kahawia au nyekundu, na hawaupaki utando wa kioo. Huupigapiga ukawa bapa, kisha huunganisha mabapa hayo kwa mkono. Wengine hulifanya buli mfano wa boga, wengine mfano wa shina la mwanzi au tunda la fyulisi. Buli la boga la Yixing ni pambo, hapana anayelikana. Lakini angalia: tumbo la boga ni la mviringo, na mviringo huifaa chai, kikonyo cha boga kimekuwa kishikio cha kifuniko, na mkono wa mtu hukipata bila kutafuta, kijitawi chake kimepinda kikawa mpini. Fundi hakulazimisha boga liwe buli. Aliona kwamba boga lilikuwa limekaribia kuwa buli tayari.

Mabuli hayo yalipofika Ulaya pamoja na chai, mafundi wa huko waliyaiga. Kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710 katika nchi ya Saxony, kilianza kwa vyombo vyekundu vilivyofanana na vile vya Yixing, kisha kikatoa kauri nyeupe. Baadaye fundi wake Johann Joachim Kändler alifinyanga buli mfano wa nyani aliye na mtoto wake. Huko Staffordshire, Uingereza, katika miaka ya 1760, Josiah Wedgwood na wenzake walitoa mabuli mfano wa koliflawa: nusu ya juu nyeupe yenye vinundu, nusu ya chini kijani kibichi yenye mishipa ya majani. Na katika miaka ya 1930 kampuni ya Sadler ya Staffordshire hiyo hiyo ilitoa buli mfano wa gari la mashindano. Kichwa cha dereva ndicho kifuniko, na kibao cha namba kimeandikwa OKT 42, herufi ambazo ukizisoma kwa Kiingereza hugeuka kuwa maneno ya kukaribisha watu wawili kwenye chai. Wakusanyaji wanalipenda sana buli hili mpaka leo.

Tuyapime haya mawili ya Kiingereza. Koliflawa ni mzaha, lakini ni mzaha wenye adabu. Umbo la mboga hiyo ni la mviringo, chini pana, juu pamejaa. Chai hukaa vema ndani yake, na utando wake wa kijani wenyewe ni ushindi wa fundi aliyetaabika kuchanganya rangi. Gari nalo ni mzaha, na mara ya kwanza hutuchekesha. Lakini gari ni kitu kirefu na chembamba, hali buli lataka tumbo la mviringo, kwa kuwa kitu cha mviringo huhifadhi moto kuliko kitu kirefu. Gari hulaliana na ardhi, buli huinuliwa. Ukishakwisha kucheka, waachiwa gari lisilokwenda na buli linalotumika kwa shida. Ndiyo tofauti kati ya mfano na mzaha: mfano hukufundisha jambo juu ya vitu viwili kwa pamoja, lakini mzaha hukuchekesha mara moja ukakwisha.

Wala kosa haliko upande wa mapambo peke yake. Christopher Dresser, mzaliwa wa Glasgow, aliandika kwa makini sana juu ya jinsi mpini na mdomo wa chombo vinavyopasa kupangwa ili mkono usichoke wakati wa kumimina. Na mtu huyo huyo, mwaka 1879, alibuni buli la madini lenye umbo la mraba uliosimama kwa pembe yake, lenye tundu la mraba katikati. Halina ua wala jani. Ni mistari mitupu, na jicho hulipenda. Lakini lile tundu limeondoa mahali ambapo chai ingekaa. Basi buli laweza kuiacha kazi yake kwa sababu ya urembo mwingi, na laweza kuiacha kwa sababu ya ukali wa fikira vile vile.

Najua jibu la baadhi yenu. Mtasema, “Mwalimu, buli la pambo halimimini, kwa nini walihukumu kwa kumimina?” Swali ni la haki. Jibu langu ni hili: ngao iliyotundikwa ukutani haiendi vitani tena, lakini ngao ya karatasi ikitundikwa ukutani, kila mzee atakayeingia ataicheka. Ngao ya kweli, ingawa imestaafu, ina uzito, ina mpini uliofungwa kwa kiganja cha mtu, ina ngozi iliyokatwa ikijua mkuki utatoka wapi. Uzuri wake umetokana na kazi yake, na kazi ilipoondoka uzuri ulibaki kama shahidi. Hivyo ndivyo lilivyo buli. Si lazima limimine leo; lakini lazima liwe limeumbwa na mtu aliyekuwa akifikiri juu ya kumimina.

Afrika imetupa ushahidi ulio mkubwa kuliko ngao. Katika miaka ya 1950, mfinyanzi wa Kiingereza Michael Cardew alifungua kituo cha ufinyanzi Abuja, mji wa Nigeria ambao sasa waitwa Suleja. Mwaka 1954 akaingia humo Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari ambaye tangu utotoni alifinyanga mitungi ya maji kwa mkono na kuichora mijusi, nyoka na samaki. Mtungi wa kijijini hupenyeza maji kidogo kidogo. Maji hayo hukauka nje, na kwa kukauka kwake yaliyomo hupoa. Hapo kituoni mitungi ya Ladi Kwali ilipakwa utando wa kioo, ikachomwa kwa moto mkali wa tanuri. Ikawa migumu, ikang'aa, ikaenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Lakini haikuweza tena kupoza maji. Yaani iligeuka kuwa mapambo. Na bado hakuna anayeitazama akasema ni ya uongo, kwa sababu tumbo lile, shingo ile na mdomo ule vilifundishwa na maji kwa vizazi vingi. Leo picha ya mama huyo imo katika noti ya naira 20 ya nchi yake.

Mwenzetu Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alipokuwa mwanafunzi wa sanaa Uingereza alikwenda Abuja akajifunza kazi hiyo. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, hupakwa uji wa udongo, husuguliwa mpaka viteleze, kisha huchomwa vikatoka vyekundu kama jua la jioni, au vikachomwa tena katika moto ulionyimwa hewa vikawa vyeusi. Havibebi maji wala pombe. Lakini vina tumbo, vina shingo, na vingine vina midomo iliyoinama kana kwamba vinataka kusema. Mtu aliyewahi kumwona mama akitua mtungi hana haja ya kufafanuliwa uzuri wake.

Sasa turudi karibu na nyumbani, tuhukumu kazi mbili zilizo ndogo. Katika chuo nilikosomea ualimu, wanachuo walitakiwa kufinyanga buli la maonyesho. Mmoja alitengeneza buli mfano wa Mlima Kenya: miteremko kijani, vilele viwili, na theluji nyeupe ndiyo kifuniko. Mdomo aliutoa chini, karibu na mguu wa mlima, uwe kama mto. Wageni walilisifu sana. Mwingine alifinyanga buli mfano wa kibuyu kilicholala kidogo, shingo yake ikawa mdomo, na mpini akausuka kwa kamba ya mkonge. Wageni walilipita.

Nasema wageni walikosea, na sababu yangu si mapenzi ya kibuyu. Mdomo wa buli lazima ufike juu sawa na ukingo wake, maana maji ndani ya vyombo viwili vilivyoungana husimama kimo kimoja. Mdomo uliotolewa chini ya mlima haungengojea mtu amimine. Chai ingeanza kutoka yenyewe kabla buli halijajaa hata robo. Mwanachuo yule alikuwa na wazo zuri la mlima, lakini hakuwa na wazo lolote la buli. Wa kibuyu naye hakukamilisha kazi, kwa kuwa udongo wake haukupakwa utando wa kioo, ukatoa jasho ulipotiwa chai. Walakini ugonjwa wa pili hutibiwa na tanuri. Ugonjwa wa kwanza hautibiwi ila kwa kufikiri upya. Tena yule wa kibuyu alifanya lile alilolifanya fundi wa Yixing kwa boga: alitafuta katika vitu vya kwao kile kilichokuwa kimekaribia kuwa buli, kwa sababu kibuyu tayari ni chombo, na shingo yake tayari imezoea kumimina.

Kwa msomaji anayetaka kuanza kukusanya, ama kwa uchache kulitazama kabati la nyumbani kwa macho mapya, haya ndiyo maswali ninayowafundisha wanafunzi wangu. Kwanza, utazame mdomo: je, ncha yake i juu ya kutosha, na je, imekatwa kwa ukali ili tone la mwisho likatike, ama ni nene ya kuuacha mchirizi utiririke shingoni? Pili, ushike mpini, kama wenyewe watakuruhusu: je, vidole vinaingia bila kugusa tumbo la moto? Tatu, ukitazame kifuniko: je, kina kijitundu cha kupitisha hewa, na kina ulimi wa kukizuia kisianguke buli linapoinamishwa? Nne, na hili ndilo la mwisho kwa makusudi, yatazame maua na rangi: je, yamelifuata umbo, ama yamebandikwa tu kama tangazo ukutani? Utashangaa kuona kwamba birika kuukuu la aluminiamu, lile lililobonyea, linalozungushwa msibani na kwenye harambee likawanywesha watu mia, hushinda mabuli mengi ya maua katika maswali matatu ya kwanza. Halina la kujibu katika swali la nne. Lakini tatu kwa nne si alama mbaya.

Wala usihesabu mkusanyo kwa wingi. Mabuli arobaini yaliyonunuliwa kwa sababu yalikuwa rahisi ni ghala. Mabuli matatu, ambayo mwenyewe aweza kueleza kwa nini kila moja liko pale, na kwa nini liko karibu na mwenzake, ni mkusanyo.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Huko chini katika nchi kavu ya Mbeere, na katika sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Kenya, wanawake walifinyanga vyungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu, wakachanganya udongo na mchanga ili chungu kistahimili moto, wakakipa kitako cha mviringo kikae juu ya mafiga matatu. Kila mstari wa chungu hicho ulikuwa na sababu. Ilipokuja sufuria, vyungu vilitolewa jikoni; na vilipotolewa jikoni havikupewa kabati, bali vilitupwa uani, kuku wakanywea maji. Kabati tulilipa buli la kigeni ambalo halikuwa limetufanyia kazi hata siku moja.

Sikuambii ulitoe buli la mama yako kabatini. Ni zawadi, na zawadi ina heshima yake. Nakuambia ukiweke chungu cha bibi yako karibu nalo, ukilifute vumbi hili na kile, kisha uvitazame vyote viwili kwa maswali yale manne. Na ikiwa wewe ni miongoni mwa wenye mikono ya kufinyanga, nenda kwa bibi kabla hajachoka, umwombe akuonyeshe jinsi udongo unavyochaguliwa na kukandwa. Majani ya chai tunayo mlangoni, udongo tunao bondeni, na tumbo la chungu limekwisha kubuniwa. Buli la Mikinduri lahitaji mdomo, mpini na kifuniko tu, na mtu wa kuyafikiri.